Mwaka wa Kwanza wa Karate: Namna ya Kufanya Mazoezi Usiishie Njiani

Wanafunzi wengi wanaoacha karate huacha mapema, wakiwa bado na mkanda mweupe au wa rangi ya kwanza, na mara nyingi sababu si uvivu. Mmoja goti lilianza kumuuma, akaendelea kulikandamiza mpaka likagoma kupanda ngazi. Mwingine aliingizwa kwenye mapambano wiki ya pili, akatoka na pua inayovuja damu, na hakuonekana tena. Wa tatu alitarajia kwamba baada ya miezi mitatu angekuwa anaruka hewani, akakuta bado anafundishwa namna ya kusimama. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mpya, awe kijana au mtu mzima, na unapima kila shauri kwa kipimo kimoja: je, litamsaidia kuwa bado anafanya mazoezi, akiwa mzima wa viungo, mwaka mmoja baadaye? Ufundi wa karate huja kwa marudio ya muda mrefu, na asiyebaki hawezi kuyapata.

Mifano mingi humu imetoka katika Shotokan na Goju-ryu, mitindo miwili ambayo mwanafunzi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi anaweza kukutana nayo kwa urahisi. Goju-ryu ilipandwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na mwalimu Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, na dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, la Zanaki likawa kitalu cha walimu waliokwenda kufundisha kwingine. Mitindo hutofautiana katika misimamo na majina ya mbinu, lakini matatizo ya mwanafunzi wa mkanda mweupe ni yale yale kila mahali.

Kabla ya kulipa ada

Nenda ukatazame darasa zima, tangu salamu ya mwanzo hadi ya mwisho, kabla ya kutoa hata shilingi. Usivutiwe na mateke ya juu ya wanafunzi wakongwe, kwa kuwa hayo hayakuhusu kwa sasa. Tazama wenye mikanda ya kahawia wanavyowashughulikia wenye mikanda myeupe wanapopangwa wawili wawili, kwa sababu hao ndio watakaokuwa mbele yako wiki ijayo. Tazama pia mwalimu anavyofanya mwanafunzi anapoumia: anamsogelea na kumuuliza, au anamkemea asiwe mlegevu? Dojo ambalo mgeni hupambana siku ya kwanza ili "apimwe" ni la kuepukwa, hata kama mwalimu wake ana kabati lililojaa vikombe.

Kisha uliza wazi kuhusu fedha. Ada ya mwezi ni kiasi gani, mtihani wa mkanda unalipiwa kiasi gani, na cheti kinatolewa na chama gani. Katika vyama vingi ngazi za chini, ziitwazo kyu, huhesabiwa kwa kushuka, kuanzia ya 10 au ya 9 hadi ya 1, ndipo mtu anapofikia dan ya kwanza, yaani mkanda mweusi. Kati ya mtihani mmoja na unaofuata hupita walau miezi mitatu, na katika ngazi za juu hupita zaidi, hivyo mkanda mweusi kwa kawaida ni safari ya miaka mitatu hadi mitano kwa anayehudhuria vizuri. Anayekuahidi kuufikia kwa mwaka mmoja anakuuzia kitambaa. Mzazi anayempeleka mtoto aongeze swali moja: je, anaruhusiwa kukaa na kutazama? Akinyimwa ruhusa hiyo bila sababu inayoeleweka, amrudishe mtoto nyumbani.

Iangalie na sakafu. Madojo yetu mengi yako katika kumbi za shule, za makanisa au za mtaa, ambako chini ni saruji au vigae. Si kosa la mtu, na karate nzuri imefundishwa humo kwa miaka mingi, lakini saruji haisamehi magoti wala visigino. Mwanafunzi anayefanya mazoezi juu yake apunguze kurukaruka, na ajizoeze kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo huku magoti yamelegea. Kwenye vigae tatizo huwa jasho: wachache wakishatokwa na jasho kwenye mstari mmoja, mahali hapo huteleza, na nyonga hufunguka mwenyewe akiwa hajajiandaa. Kitambaa cha kupangusia kikiwa karibu kitaokoa wengi.

Mavazi, kucha na salamu

Mwezi wa kwanza suruali ya mazoezi na fulana vinatosha. Ukishaamua kubaki, nunua gi, yaani vazi la karate, nyepesi ya pamba iliyozidi kipimo chako kidogo, kwa sababu pamba hunywea katika mifuo ya kwanza. Ile nzito ya turubai inayovuma kila ngumi ikirushwa ni ghali, hukauka polepole wakati wa masika, na katika joto la pwani humchosha mvaaji kabla ya mwalimu kumchosha. Ifue kila baada ya darasa kwa maji baridi, uianike kivulini penye upepo, na usiikunje ikiwa mbichi kwenye mfuko wa plastiki mpaka kesho kutwa, kwani wenzako watajua.

Mkanda hufungwa hivi. Shika katikati ya mkanda, uiweke chini kidogo ya kitovu, kisha zungusha ncha zote mbili nyuma, zipishane mgongoni na kurudi mbele. Ncha ya kushoto ipite juu ya ile ya kulia, iingie chini ya tabaka zote mbili na kutokea juu. Hapo ncha zote zifungwe fundo mraba, ile iliyotokea juu ikipita juu ya mwenzake na kuingia katika tundu kutoka chini, kisha zivutwe kwenda pembeni. Fundo likikaa sawa, ncha zitaning'inia kwa urefu mmoja na hazitasimama kama masikio ya sungura. Pindi mkanda unapofunguka katikati ya zoezi, maliza zoezi kwanza, kisha geuka usiwaelekee walio mbele yako na ufunge upya.

Kucha za mikono na miguu zikatwe fupi kabisa. Pete, hereni, bangili na saa vibaki nyumbani, kwa maana pete inayonasa kwenye mkono wa gi inaweza kuchuna kidole cha mwenye pete vibaya sana. Osha miguu kabla ya kukanyaga sakafu, na usitembee peku hadi chooni kisha ukarudi kusimama mahali ambapo wenzako wataweka viganja vyao wakipiga pushapu.

Kuna jambo la adabu ambalo vitabu vya Wajapani hawakulazimika kulieleza. Katika dojo, cheo huenda kwa mkanda, na unaweza kukuta kijana wa miaka kumi na sita mwenye mkanda wa kahawia akimrekebisha bwana wa miaka hamsini mwenye mkanda mweupe. Wengi wameona njia nzuri ya kuyaweka yote mawili mahali pake. Nje ya mstari, mlangoni na wakati wa kubadili nguo, kijana humwamkia mzee shikamoo kama kawaida. Mstari ukishaundwa, mzee humpa kijana heshima ya senpai, yaani aliyemtangulia katika mazoezi, na kutii anachoelekezwa. Kijana naye huelekeza kwa sauti ya mtu anayezungumza na mkubwa wake: "Mzee, naomba goti liende mbele kidogo." Ikifanyika hivyo, hakuna anayevunjiwa heshima.

Wapo wanafunzi, Waislamu kwa Wakristo, wanaotatizwa na kuinama wakati wa salamu, hasa ile ya kupiga magoti mbele ya picha ya mwanzilishi wa mtindo. Lisikufanye uache kimyakimya. Mweleze mwalimu faragha kabla ya darasa; madojo mengi yamezoea suala hili na humruhusu mwanafunzi kusimama wima kwa utulivu au kuitikia kwa kichwa, mradi asifanye mzaha wakati wengine wanasalimu.

Ngumi na msimamo

Mambo mawili ya kwanza yatachukua muda mrefu kuliko ulivyotarajia, na yanastahili.

La kwanza ni ngumi. Nyoosha vidole vinne, kisha vikunje kuanzia kwenye ncha, kiungo kwa kiungo, mpaka ncha zote zizame kiganjani. Kidole gumba kilale kwa nje juu ya kidole cha shahada na cha kati, wala kisifungiwe ndani, kwa sababu kikifungiwa ndani huweza kuvunjwa na pigo la mwenyewe. Kinachogonga ni vifundo viwili, cha shahada na cha kati, na mgongo wa kiganja unyooke sawa na mkono, usipinde juu wala chini. Njia rahisi ya kujikagua ni hii: simama mbele ya ukuta kwa umbali wa mkono ulionyooka, weka vifundo hivyo viwili ukutani, kisha egemea polepole ukipeleka uzito mbele. Kifundo cha mkono kikikunjika au maumivu yakija upande wa kidole cha mwisho, umeona kosa lako bila kuumia. Rudia mpaka mkono usimame wenyewe. Kupiga ukuta, mti au makiwara, yaani nguzo ya kuzoezea ngumi, ni habari nyingine, na si ya mwaka wa kwanza.

Ngumi inaporushwa, bega libaki chini. Wanafunzi karibu wote hulipandisha kwa sababu wanataka nguvu, na bega likipanda tu, nguvu ya kiuno haifiki mbele. Mkono wa pili urudi nyuma kwenye mbavu kwa kasi ile ile ya mkono unaokwenda mbele. Mwanzoni rusha ngumi taratibu mno, polepole kiasi cha kuona kiwiko kikipita ubavuni badala ya kutanuka nje kama bawa. Kasi itakuja bila kuitwa.

La pili ni msimamo wa mbele, uitwao zenkutsu-dachi. Simama miguu ikiwa imetengana upana wa mabega, kisha peleka mguu mmoja mbele kama marefu ya mabega mawili, ukitunza ule upana wa mwanzo. Wengi huusahau, miguu ikaja kwenye mstari mmoja na wakawa wa kuangushwa kwa kidole. Goti la mbele likunjwe mpaka mfupa wa muundi usimame wima, au karibu na wima. Mguu wa nyuma unyooke na wayo wake uelekee mbele kadiri kifundo kinavyoruhusu, kisigino kikiwa chini. Uzito mkubwa kidogo uwe mbele.

Sasa angalia goti la mbele kutoka juu, kwa sababu hapa ndipo magoti huharibika. Goti lazima lielekee kule vidole vya mguu vinakoelekea. Likiangukia ndani, kuelekea kidole gumba na kupita, kila hatua inasokota goti, na hatua za darasa moja ni nyingi. Mwalimu akikwambia ushuke zaidi na ukaona huwezi kushuka bila goti kuangukia ndani, simama juu kidogo na umwambie. Msimamo mrefu wa chini unaoonekana kwenye mabango umejengwa kwa miaka, na mtu mwenye umri wa miaka arobaini hana deni la kuufikia mwezi wa tatu.

Kuhusu mateke nitasema kidogo tu. Teke la mbele, mae-geri, linalofika tumboni likiwa na goti lililoinuliwa vizuri na kurudishwa kabla ya mguu kushuka ni bora kuliko linalofika usoni huku mpigaji akiyumba. Vuta vidole nyuma ili kinachogonga kiwe sehemu ya mbele ya wayo, la sivyo utavijua vidole vyako kimoja kimoja.

Mwenzako wa mazoezi

Hapa ndipo dojo hujengwa au hubomoka. Karate haijifunzwi peke yake. Unahitaji mtu wa kukurushia ngumi ya kweli kiasi cha kukufundisha, na ya upole kiasi cha kukuacha urudi kesho. Mtu huyo naye anakuhitaji vivyo hivyo. Ukimuumiza, umejinyima mwalimu, na habari husambaa upesi: yule anayepiga bila breki hujikuta amesimama peke yake kila mwalimu anaposema watafutane wawili wawili.

Katika mapambano ya hatua moja, ambapo mmoja hutangaza shambulio na mwingine hulizuia na kujibu, mshambuliaji ana wajibu mkubwa kuliko anavyodhani. Ashambulie kwa kulenga mwili hasa, kwa umbali ambao ngumi ingefika kama isingezuiliwa, kwa kasi anayoimudu mwenzake. Ngumi inayopelekwa pembeni kwa huruma humfundisha mwenzako kuzuia hewa, na siku ya kulengwa kweli atachelewa. Inayopelekwa kwa hasira humfundisha kufumba macho. Kati ya hizo mbili kuna kipimo, nacho hubadilika kwa kila mtu: mwanafunzi mpya apewe polepole lakini kwa shabaha, mkongwe apewe kasi, mtoto apewe umbali zaidi, na mzee aulizwe.

Anayejibu naye asimamishe pigo lake kabla ya mwili, umbali wa vidole viwili au vitatu. Kuweza kusimamisha ngumi ya kasi mahali unapotaka ni ufundi mgumu kuliko kuigongesha, na mwalimu anayekukagua hutazama hilo. Usifanye mazoezi hayo ukiwa umechoka kiasi kwamba mikono inakwenda inakotaka. Omba mapumziko, kunywa maji, kisha rudi.

Jifunze kusema mapema. "Punguza kidogo, ndugu yangu" ni maneno ya kawaida, hayana aibu, na mwenye akili huyapokea kwa kuinamisha kichwa. Asipoyapokea, mara ya pili inua mkono, rudi nyuma hatua mbili na umwite mwalimu. Usijibu kwa kuongeza nguvu yako, kwa sababu hapo zoezi linageuka ugomvi wa watu wawili waliovaa nguo nyeupe, na mwenye makosa hatajulikana tena. Binti au mama anayehisi kwamba mwenzake anatumia mazoezi kumshika asivyostahili hana haja ya kujieleza kwa mtu huyo: abadilishe mwenzi papo hapo na amweleze mwalimu, na mwalimu akilipuuza, ahame dojo. Hijabu ya michezo isiyotumia pini haimzuii mtu kufanya lolote katika karate, na hata Shirikisho la Karate Duniani huiruhusu katika mashindano.

Mapambano huru, kumite, yasianze mpaka mwalimu akuone unatunza umbali na kusimamisha mapigo. Yakianza, nunua kwanza kinga ya meno, halafu kinga ya sehemu za siri kwa wanaume, kisha glavu. Mtu akipunguza bajeti kwa kuacha kinga ya meno, daktari wa meno atamdai tofauti hiyo na zaidi.

Maumivu ya kawaida na yasiyo ya kawaida

Misuli ya mapaja itauma siku ya pili baada ya darasa la kwanza kuliko siku ile ile, na kushuka ngazi kutakuwa kazi. Hayo ni ya kawaida na hupungua yenyewe baada ya siku chache. Tembea, nyoosha viungo taratibu, usilale siku nzima. Alama za kuvilia damu kwenye mikono kwa ajili ya kuzuia ngumi ni za kawaida pia. Lakini maumivu makali ndani ya kiungo, goti au bega linalovimba, kifundo kisichobeba uzito, au ganzi inayoshuka mguuni, hayo si ya kuvumiliwa kwa jina la ujasiri.

Ukiteguka kifundo, acha mazoezi papo hapo, kaa na uinue mguu, weka barafu iliyofungwa kitambaani kwa dakika 15 hadi 20, ondoa, kisha rudia baada ya saa mbili au tatu katika siku ya kwanza. Epuka kukandwa kwa nguvu siku hiyo, hata kama jirani anasifika kwa mikono yake. Ukishindwa kukanyaga hatua nne, nenda ukapigwe picha ya eksirei.

Pua ikitoka damu, keti, inamisha kichwa mbele, bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia kuchungulia, na upumue kwa mdomo. Desturi ya kurudisha kichwa nyuma hupeleka damu kooni na tumboni, na mtu hutapika.

Pigo la kichwa lichukuliwe kwa uzito kuliko yote. Mtu aliyepigwa kichwani na kuona kizunguzungu, kuchanganyikiwa, kusahau kilichotokea, kichefuchefu au kuumwa kichwa, darasa lake limekwisha kwa siku hiyo, hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani, asiachwe peke yake jioni hiyo, na asirudi kwenye kumite mpaka daktari amruhusu. Akitapika mara kwa mara, akisinzia kiasi cha kuamshwa kwa shida, au maumivu ya kichwa yakizidi, apelekwe hospitali usiku huo huo.

Magonjwa ya ngozi huambukizwa dojoni, hasa fangasi wa miguu na mashilingi. Kausha katikati ya vidole baada ya kuoga, usiazime taulo wala gi, na ukiona kiduara chenye kuwasha kinachotanuka, kipate dawa na ukae pembeni ya mazoezi ya kugusana mpaka kipone.

Nyumbani, kati ya darasa na darasa

Mwanafunzi anayehudhuria mara mbili kwa wiki na kufanya robo saa nyumbani katika siku tatu nyingine humpita anayehudhuria mara nne bila kugusa chochote nyumbani. Huhitaji ukumbi. Chumba ambacho kitanda kimesogezwa ukutani kinatosha kwa hatua tatu, na hatua tatu zinatosha kwa karibu kila kitu cha ngazi yako.

Chukua kata yako ya kwanza, yaani mpangilio maalumu wa hatua na mbinu unaofanywa bila mpinzani. Katika Shotokan itakuwa Heian Shodan, kutoka katika mfululizo uliotungwa na Itosu Anko wa Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati karate ilipoingizwa katika shule za kisiwa hicho. Ina hatua 21 na ukelele wa kiai mahali pawili. Katika Goju-ryu mara nyingi huwa Gekisai Dai Ichi, iliyotungwa na Miyagi Chojun mwaka 1940. Zote mbili zilitengenezwa kwa ajili ya wanaoanza, kwa hiyo usizidharau ukikimbilia zile za mikanda ya juu ulizoziona kwenye simu. Usiifanye kata yote kila siku. Chagua mgeuko mmoja unaokusumbua, kwa mfano ule wa kwanza wa Heian Shodan wa kugeuka nyuma kwa mguu wa kulia, na uufanye mara kumi taratibu: kichwa kinatazama kwanza, mguu unasogea, kiuno kinageuka, mkono wa kuzuia unashuka, na vyote vinafika pamoja. Siku inayofuata fanya ule ule, haraka kidogo. Mwisho wa wiki iendeshe kata yote mara mbili ukijirekodi kwa simu iliyoegemezwa kwenye kiti, kisha tazama kitu kimoja tu, kama vile upana wa msimamo. Anayetazama makosa yote kwa pamoja hukata tamaa na kufuta video.

Pushapu za juu ya vifundo vya ngumi watoto wasizifanye, na watu wazima wazianze kwenye mkeka, wakiwa wamepiga magoti. Kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa mguu mmoja huku goti la pili limeinuliwa hadi kiunoni, na kuruka kamba penye udongo, ni msaada mkubwa kwa mateke kuliko kulazimisha kupasua msamba.

Maji na chakula visisahauliwe. Kula chakula cha kawaida saa mbili au tatu kabla ya darasa. Sahani ya ugali na maharage iliyoliwa nusu saa kabla ya mazoezi ya tumbo itajitetea yenyewe. Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga na kutaka kuendelea hufanya vizuri zaidi akifanya mazoezi mepesi muda mfupi kabla ya magharibi, ili futari iwe karibu, au baada ya tarawehe akiwa amekwisha kula kidogo na kunywa. Kazi yake mwezi huo iwe kata na misimamo, bila kumite wala mbio. Kizunguzungu kikija, akae chini, na amwambie mwalimu mapema kwamba amefunga ili asisukumwe.

Mtihani wa mkanda, na kurudi baada ya kusimama

Usiombe mtihani; subiri uambiwe. Wiki mbili kabla yake acha kujifunza mambo mapya na urudie yale ya ngazi yako mpaka uyafanye mwalimu akihesabu kwa Kijapani huku ukiwa umechoka. Siku yenyewe, ukikosea hatua katika kata, simama pale ulipo, fikiri, endelea. Wakaguzi hutazama anayejikusanya, na wanaochekacheka kwa aibu au kutikisa kichwa hujipunguzia alama wenyewe. Ukifeli, muulize mwalimu akutajie kosa moja lililokuangusha zaidi, uliandike, na uhudhurie darasa linalofuata hata kama unaona aibu, kwa kuwa ni darasa hilo hasa ambalo watu hulikosa na kutorudi tena.

Ipo pia miezi ambayo kazi, mtihani wa shule, ujauzito, malaria au msiba vitakutoa dojoni. Unaporudi, usitafute mahali ulipoishia. Wiki mbili za kwanza fanya nusu ya idadi inayohesabiwa: mwalimu akisema mateke ishirini, piga kumi kwa usahihi na usimame ukipumua. Usiingie kumite katika wiki hizo. Aliyetoka kuugua malaria asubiri nguvu zirudi kabisa kabla ya kukimbia, na aliyejifungua apate ruhusa ya mkunga au daktari kwanza, halafu aanze na kupumua, kutembea na misimamo ya juu. Simama nyuma ya mstari ikiwa hutaki kutazamwa, ukivaa mkanda ule ule uliokuwa nao. Hakuna dojo la maana litakalokuvua kwa sababu ya kuugua au kufiwa. Mpigie mwalimu simu siku moja kabla, umwambie hali yako na kiungo gani kina udhaifu, ili akupangie mwenzi anayejua kupunguza.